Chokaa, samadi au fosfeti ya Minjingu: kipi kitarudisha vinyweleo vya mizizi?

Mkulima wa Mbale (Vihiga)
Wanajamvi, naomba tulinganishe njia tatu. Udongo wa shamba langu la nusu ekari umepimwa ukaonekana una pH (kipimo cha asidi; ikishuka chini ya 7, asidi inaongezeka) ya 4.8. Nimepanda mahindi kwa mbolea ya DAP, yenye fosforasi na amoniamu, miaka mingi, na kila msimu majani ya miche hugeuka zambarau. Juzi nilichimbua miche michache taratibu nikaiosha kwenye karai la maji. Mizizi ilikuwa mifupi na minene, ncha zake zimekuwa za kahawia, na ule utando mweupe wa vinyweleo niliouona kwenye miche ya jirani haukuwepo kabisa. Fedha nilizo nazo zinatosha kitu kimoja tu: chokaa ya Koru, samadi ya kununua, au fosfeti ya mwamba (jiwe la kusaga lenye fosforasi) kutoka Minjingu, Tanzania. Nianze na ipi?

Mwalimu wa Baiolojia (Kisumu)
Ndugu, umefanya vyema kutazama mizizi kabla ya kununua chochote. Kila kinyweleo ni seli moja ya ngozi ya mzizi iliyorefuka, kwa kawaida isizidi milimita moja hivi, lakini kazi yake ni kubwa, kwa sababu fosforasi haifuati maji kwa wepesi kama naitreti, aina mojawapo ya naitrojeni. Husogea polepole mno, hivyo mzizi usio na vinyweleo humaliza iliyougusa kisha hubaki na njaa ilhali nyingine iko jirani kabisa.

Mmea una njia yake ya kujitetea. Fosforasi inapoadimika, homoni iitwayo auksini husafirishwa kutoka nchani mwa mzizi hadi pale vinyweleo vinapoota, nayo, ikisaidiana na homoni nyingine iitwayo ethilini, huvifanya virefuke. Tafiti za mwaka 2018 kuhusu mpunga na mmea wa maabara uitwao Arabidopsis zilionyesha kwamba mimea yenye hitilafu kwenye jeni ya AUX1, ambayo husaidia kusafirisha homoni hiyo, ilishindwa kurefusha vinyweleo ipasavyo hata fosforasi ilipopungua.

Sasa rudi kwenye zile ncha za kahawia. pH inaposhuka chini ya 5.5, alumini iliyofungamana na udongo huanza kuyeyuka, na sehemu inayoumia kwanza ni hiyo hiyo ncha. Yaani mmea wako una njaa ya fosforasi, ndiyo maana majani hugeuka zambarau, lakini pale ujumbe wa njaa unapotokea pameumizwa. Mimi ningeanza na chokaa.

Mama Saladi (Njoro)
Mwalimu, naomba nikusahihishe kwa heshima, maana wasomaji wanaweza kudhani kwamba asidi yenyewe ndiyo inayozuia vinyweleo. Mimi hukuza saladi kwenye maji yenye virutubisho, na nimesoma majaribio ya Wajapani ambamo miche ya saladi iliyowekwa kwenye maji ya pH 6 haikuota vinyweleo, lakini ilipohamishiwa kwenye pH 4 ikaviota kwa wingi, na auksini na ethilini zikaonekana kuhusika.

Mwalimu wa Baiolojia (Kisumu)
Nashukuru, Mama, na hilo ni la kweli. Hata kwenye mimea mingine, kinyweleo kinapoanza kuchomoza, ukuta wa seli huongezeka asidi mahali hapo hapo, ukalainika na kuweza kutanuka. Tofauti ni kwamba maji yako hayana alumini, na udongo mwekundu wa Vihiga unayo tele. Ningesema basi kwamba chokaa anainunua ili kuifunga alumini, na pH ya 5.5 au zaidi kidogo inamtosha. Hana haja ya kuifikisha 7.

Mzee wa Butere
Wanangu, msiisahau alizeti pori iliyojaa kwenye nyua zetu. Watafiti waliofanya kazi upande wa Maseno miaka ya 1990 waliipima sana, na majani yake makavu yana takriban asilimia 3.5 ya naitrojeni. Yanapooza ardhini hutoa asidi za kikaboni ambazo huikamata alumini isiuguse mzizi, na samadi iliyoiva hufanya kazi kama hiyo. Nimeitumia mwenyewe na mahindi yalibadilika rangi. Gharama yake ni mgongo: kukata na kubeba majani ya kutosha nusu ekari ni kazi ya siku nyingi, na kwa wazee kama mimi haiwezekani bila vijana.

Muuza Pembejeo (Bungoma)
Kuhusu Minjingu: fosfeti hiyo huyeyushwa na asidi ya udongo wenyewe, kwa hiyo katika pH ya 4.8 itafanya kazi, ila ukiichanganya na chokaa nyingi msimu huo huo unaichelewesha. Chagua moja kwa kila kipande cha shamba. Tena inalisha mmea bila kuondoa alumini ya kutosha, jambo ambalo wateja wangu wengi huligundua baadaye.

Kipimo cha chokaa kinachotumika mara nyingi huku ni tani 2 kwa hekta, kwa hiyo nusu ekari ni mifuko 8 ya kilo 50. Isambaze shamba zima na kuichanganya na udongo hadi sentimita 15, wiki kadhaa kabla ya kupanda, wala usiiweke pamoja na DAP au samadi mbichi, kwani naitrojeni itapotea hewani. Ukifika wakati wa kukuzia, tumia CAN, mbolea ambayo sehemu ya naitrojeni yake ni naitreti. Mzizi unaponyonya amoniamu kama ile ya DAP huachilia asidi pembeni yake.

Mkulima wa Mbale (Vihiga)
Asanteni sana. Nimeamua kununua mifuko 8 ya chokaa, kisha kona moja isiyozidi hatua ishirini niiache bila chokaa na kuilisha alizeti pori, kama alivyoshauri Mzee. Wiki ya tatu baada ya kupanda nitachimbua miche mitano kila upande, niioshe kwenye karai lile lile, na kuweka picha za ncha na vinyweleo hapa hapa.