Ni nani aliyekuwa juu ya pikipiki ya dhahabu katika Thunderball?

Mtazamaji Makini aliuliza:

Salaam wanajukwaa. Ninaomba msaada wa wale wanaozifahamu vyema filamu za kijasusi za zamani. Katika Thunderball, filamu ya jasusi James Bond ya mwaka 1965, kuna tukio fupi ambamo mwendesha pikipiki aliyevaa mavazi meusi ya ngozi anatokea nyuma ya gari la Count Lippe, mmoja wa maadui wa Bond, anafyatua roketi zilizofungwa kwenye kava la mbele la pikipiki yake, na gari lile linalipuka na kuwaka moto. Baadaye pikipiki inasukumwa majini, nasi tunagundua kwamba chini ya helmeti alikuwamo mwanamke, Fiona Volpe, aliyeigizwa na Luciana Paluzzi. Nimelitazama tukio hilo mara nyingi nikilisimamisha fremu kwa fremu, na siamini kwamba anayeonekana akiiendesha pikipiki kwa mwendo ule ni mwigizaji mwenyewe. Alikuwa nani? Je, mwendo ule ni wa kweli au umeongezwa na kamera? Ningependa pia kujua kama watu waliofanya kazi hii walikuwa watu wa filamu tangu mwanzo, au walichukuliwa kutoka kwingine.

Shabiki wa Mbio alijibu:

Ndugu Mtazamaji, macho yako hayakukudanganya. Aliyekuwa juu ya pikipiki hiyo ni Bill Ivy, Mwingereza, mmoja wa waendeshaji hodari kuliko wote wa mbio za pikipiki wa kizazi chake. Wakati huo alikuwa bado anapanda ngazi. Miaka miwili baadaye, mwaka 1967, alitwaa ubingwa wa dunia katika daraja la sentimita za ujazo 125 akiwa na Yamaha.

Kilichomfaa kwa kazi hii, zaidi ya ustadi wake, ni umbo. Ivy alikuwa mfupi na mwembamba, kwa hiyo akivaa ngozi na kufunga helmeti hakuna mtazamaji ambaye angeona mabega mapana ya mwanamume pale ambapo hadithi inahitaji umbo la mwanamke. Utakapolitazama tena, acha kuuangalia uso na uangalie magoti na viwiko: magoti yamebana tangi, viwiko vimeinama, na kiwiliwili kimejificha nyuma ya kava. Huo ni mkao wa mtu aliyezoea kukwepa upepo kwa sababu upepo humpunguzia mwendo, na mwigizaji hawezi kufundishwa mkao huo kwa siku chache akauvaa kama wake.

Pikipiki yenyewe ni BSA A65 Lightning iliyopakwa rangi ya dhahabu, yenye injini ya silinda mbili na sentimita za ujazo 654. Tukio lilipigwa Silverstone, uwanja wa mbio wa Uingereza, ingawa hadithi inatuambia kwamba tuko kwenye barabara ya kawaida. Naona uamuzi huo ulikuwa wa busara sana, kwa kuwa lami ya uwanja ni pana, haina magari ya watu wengine, na hakuna mtu anayeweza kutokea kando ghafla wakati gari linalipuliwa. Fundi aliyesimamia milipuko na vifaa vya ajabu vya filamu hiyo ni John Stears, na athari zake maalumu ziliipatia filamu hiyo tuzo ya Oscar.

Ninasikitika kila ninapolitazama tukio hilo, kwa sababu Ivy alifariki dunia Julai 1969 katika mazoezi ya mbio za Sachsenring, Ujerumani Mashariki, akiwa na umri wa miaka 26. Mamilioni ya watu wamemwona akiendesha bila kujua kwamba ni yeye.

Jicho la Kamera alijibu:

Nitajibu suala la mwendo pekee, kwa kuwa ndilo ninalolifahamu.

Filamu ya sinema huonyeshwa kwa fremu 24, yaani picha 24, kwa sekunde. Mpiga picha akiiendesha kamera yake kwa fremu 20 badala ya 24, kisha picha hizo zikaonyeshwa kwa mwendo wa kawaida, pikipiki iliyokuwa ikienda kilomita 60 kwa saa itaonekana ikienda 72. Njia hii ilitumika sana katika filamu za mapambano na za kufukuzana za miaka hiyo, na ikitumika kwa kiasi mtazamaji hahisi chochote. Ikizidishwa, ushahidi hujitokeza penye vitu vidogo: nguo hupepea kwa mtetemo usio wa kawaida, watembea kwa miguu hutembea kwa hatua za kudonoadonoa, na moshi hutawanyika haraka mno. Kagua moshi na nguo kabla ya kukagua pikipiki.

Kuna pia lenzi ndefu, ambayo hufanya vitu vilivyo mbali kimoja na kingine vionekane vimekaribiana, hadi pikipiki ionekane imegusana na gari ilhali kati yao kuna nafasi ya kutosha. Kuhusu picha za karibu za uso, nyingi zilipigwa studio, mwigizaji akiwa ameketi juu ya pikipiki iliyosimama huku barabara ikionyeshwa kwenye kiwambo nyuma yake. Ukiona nywele zinapeperushwa na upepo wa upande mmoja tu bila kubadilika hata kwenye kona, hapo umefika studio.

Mzee wa Senema alijibu:

Umeuliza walitoka wapi. Mfano ulio wazi zaidi, kwa maoni yangu, ni Rémy Julienne wa Ufaransa. Alikuwa bingwa wa motokrosi, yaani mbio za pikipiki kwenye ardhi isiyo na lami, nchini mwake katika miaka ya 1950, na aliingia katika filamu mwaka 1964 kupitia filamu ya Fantômas, ambayo ilihitaji mtu wa kuendesha pikipiki badala ya mwigizaji Jean Marais. Aliyemwita ni Gil Delamare, gwiji wa michezo ya hatari wa wakati huo. Baadaye Julienne mwenyewe alikuwa mratibu wa michezo ya hatari, na alishiriki katika filamu sita za James Bond, kuanzia For Your Eyes Only ya mwaka 1981 hadi GoldenEye ya mwaka 1995.

Ninapenda hasa ile ya mwaka 1981 kwa sababu ya theluji ya Cortina d'Ampezzo, Italia. Bond anateleza kwa skii huku akifukuzwa na pikipiki za Yamaha XT500 zilizowekewa miiba kwenye tairi. Kabla ya kusifu ujasiri wa waendeshaji, mtu afikirie kwanza fizikia yake: bila miiba, gurudumu la mbele hukosa mshiko mara tu usukani unapogeuzwa, ukiwa na miiba, tairi hiyohiyo inakuwa silaha dhidi ya mwenzako atakayeanguka mbele yako. Anayeendesha hapo analinda maisha ya mtu wa skii kuliko yake mwenyewe.

Hii ndiyo sababu watayarishaji waliwaendea watu wa mbio na motokrosi. Mtu anaweza kufundishwa kuanguka, lakini kuisoma ardhi kwa gurudumu la mbele hujengeka kwa miaka.

Mtazamaji Makini aliandika tena:

Nawashukuru nyote kwa dhati. Limebaki jambo moja. Pikipiki ikiruka, mara nyingi tunaonyeshwa ikipaa, kisha picha inakatwa na tunaiona tayari iko chini inaendelea na safari. Je, kutua ndiko kugumu zaidi?

Fundi wa Magurudumu Mawili alijibu:

Ndiyo, na sababu ni za kiufundi. Pikipiki za barabarani za miaka ya 1960 zilikuwa na shokapu zenye nafasi fupi ya kubonyea, kwa hiyo nguvu ya kutua iliyobaki ilipokewa na rimu, fremu na uti wa mgongo wa mwendeshaji. Mruko maarufu kuliko yote wa enzi hizo, ule wa The Great Escape ya mwaka 1963, ambayo kwa hakika ni filamu ya vita, ulifanywa na Bud Ekins badala ya mwigizaji Steve McQueen kwa kutumia Triumph TR6 iliyogeuzwa ionekane ya Kijerumani, na uzito wa mashine ile si wa kuruka nao uzio kwa mzaha.

Akiwa hewani mwendeshaji bado ana njia mbili za kurekebisha mkao. Akivuta mafuta, gurudumu la nyuma huzunguka kwa kasi zaidi na mwili wa pikipiki hujibu kwa kuinua pua. Akikanyaga breki ya nyuma, pua hushuka. Anapaswa kuamua lipi afanye kwa muda usiofika hata sekunde mbili, na alenge gurudumu la nyuma litangulie kugusa chini, kwa sababu la mbele likitangulia kwa pembe mbaya usukani humponyoka.

Sasa linganisha na Tomorrow Never Dies ya mwaka 1997, ambamo Mfaransa Jean-Pierre Goy aliirusha BMW R1200C juu ya helikopta. Mapanga ya helikopta yaliongezwa baadaye kwa kompyuta, lakini mruko ulikuwa wa kweli, na pikipiki ile, iliyoundwa kwa safari za taratibu barabarani, ina uzito wa zaidi ya kilo 250. Ukilitazama tukio hilo, tazama miguu yake kabla hajagusa upande wa pili: tayari amesimama kwenye pedali, magoti yamekunjwa kidogo, anangoja mshindo.