Lenzi ya kwanza ya studio kwa 4×5: 150, 210 au 300?

KiooChaUkungu
Heshima kwenu wakuu. Kamera ni ya reli, 4×5 (filamu ya inchi 4 kwa 5), mvukuto (mikunjo kati ya lenzi na filamu) unanyooka hadi mm 400. Kazi ni bidhaa za mezani (saa, vito, chupa) na picha za watu kuanzia mabegani. Taa ni flashi. Kwa sasa ni lenzi moja tu. Ipi itangulie?

Rula
Pima mvukuto kwanza. Umbali kutoka lenzi hadi filamu ni urefu wa fokasi (ile 150, 210 au 300, kwa mm) × (1 + ukuzaji). Kwa mm 400, lenzi ya 300 inakomea theluthi moja ya ukubwa halisi, kwa hiyo saa ya mkononi itabaki kama kifungo katikati ya filamu. Ya 210 inafika 0.9. Ya 150 inahitaji mm 300 tu kufika 1:1, yaani ukubwa halisi.

Kwa watu mambo yanageuka. Kichwa na mabega kwenye 4×5 ni karibu 1:4. Lenzi ya 150 inakusogeza hadi sm 75 kutoka usoni: pua inavimba, masikio yanajificha. Ya 210 inakuweka sm 105, ya 300 mita 1.5, na hapo sura inatulia. Tatizo ni kwamba 300 hapo inakula mm 375 za mvukuto. Ukiinamisha ubao wa lenzi, mikunjo inavuta na fokasi inahama. Kura yangu: 210.

ShataTatu
Kama watu ndio wengi kuliko saa, mimi ningechukua 300 na kuongeza mvukuto baadaye. Ila angalia uzito. 300 ya f/5.6 (namba ya f ni tundu la lenzi: ikiwa kubwa, tundu ni dogo) hukaa kwenye shata kubwa ya Copal 3, ina takriban kilo moja, na kasi ya juu ni 1/125. Nikkor-M 300 f/9 iko kwenye Copal 1, shata ndogo zaidi, na ina gramu 290. Ubao wa mbele wa kamera nyepesi utakushukuru.

KiooChaUkungu
Na duara la picha, lile eneo ambalo lenzi inalifunika kwenye filamu, je? Symmar-S 150 inatajwa mm 210 kwa f/22, na ya 210 mm 294. Si bora kuchukua kubwa?

Rula
Hizo ni namba za fokasi ya mbali kabisa. Ukisogea karibu, duara linakua pamoja na mvukuto. Kwa 1:1 linakuwa maradufu. Mshazari wa filamu ni mm 153 tu. Studio haiishiwi duara, huishiwa mvukuto. Wanaolipia duara kubwa kwa ajili ya meza wanalipia kitu ambacho hawatakitumia.

Vito_na_Saa
Ukishaamua 210, swali linalobaki ni aina gani. Symmar-S au Nikkor-W ya f/5.6 zimesahihishwa kwa vitu vya mbali kidogo. Hadi 1:3 kwa f/22 hutaona kasoro. G-Claron 210 f/9 imesahihishwa kwa 1:1, na kwa vito kingo zinabaki kali. Gharama yake ni giza: kioo cha kulengea, kile cha nyuma unachotazamia picha, kinapungukiwa stopu moja na theluthi (kila stopu ni nusu ya mwanga), na mvukuto ukinyooka giza linazidi. Bila taa ya kuongozea (ile inayowaka mfululizo ndani ya flashi) yenye nguvu utalenga kwa kubahatisha. Kwa kazi mchanganyiko, f/5.6.

ShataTatu
Lenzi ikiwa ya mtumba: vidoti vyeupe kwenye rangi nyeusi ya ukingo wa ndani (lenzi nyingi za Schneider, kama Symmar-S, zinavyo) havina madhara. Kiwaa chenye rangi za upinde kati ya vioo ni gundi inayoachia, hiyo iache. Shata ya zamani yenye kitufe cha M (balbu za flashi za zamani) na X (flashi ya umeme) iweke X, la sivyo flashi itawaka kabla shata haijafunguka na filamu itatoka tupu.

KiooChaUkungu
210 f/5.6 basi. Mwanga niongeze kiasi gani?

Rula
Gawanya urefu wa mvukuto kwa urefu wa fokasi, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. 1:4 ni 1.56, yaani theluthi mbili za stopu. 1:2 ni 2.25, zaidi kidogo ya stopu moja. 1:1 ni stopu mbili, na f/22 yako hapo inafanya kazi kama f/44, kwa hiyo usibane tundu zaidi, picha itaanza kulainika. Ukikaribia 1:1, lenga kwa kusogeza ubao wa nyuma. Ule wa mbele hubadilisha ukubwa wa picha pamoja na fokasi, na utazunguka nao bila kufika.