Kichwa cha treni ya mfano cha HO kinavuja mwanga kwenye bodi, nianzie wapi?

mwanareli_moshi
Wakuu habari za jioni. Nina kichwa cha dizeli, skeli ya HO (1:87, yaani mara 87 ndogo kuliko treni halisi), bodi ya plastiki ya rangi ya krimu, kinaendeshwa kwa DCC (mfumo wa kidijitali unaopeleka umeme na amri kupitia reli). Balbu ya zamani imetolewa, imewekwa LED nyeupe ya milimita 3 na rezista ya kilo-omu 1. Taa ya mbele inawaka vizuri, ila pua nzima inang'aa kama kandili, na chini ya kibanda cha dereva kuna mstari wa mwanga. Tepu nyeusi ya umeme haikai, gundi yake inalainika na kuteleza. Vifaa gani vinapatikana huku Moshi bila kuagiza nje?

fundi_wa_njiro
Mkuu, hayo ni matatizo mawili, usiyatibu kwa dawa moja. Mwanga unaopenya kwenye plastiki yenyewe huonekana umeenea. Unaopita kwenye upenyo huonekana kama mstari au nukta kali. Vua bodi, zima taa za chumba, ingiza tochi ya simu ndani yake, kisha tia alama ya penseli upande wa ndani kila panapovuja.

Tuanze na pua. Plastiki ya krimu, njano au nyeupe hupitisha mwanga hata ikiwa na rangi juu, maana rangi ya kiwandani ni nyembamba ili isizibe nakshi ndogo. Osha bodi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, la sivyo mafuta ya vidole yataibandua rangi. Ikikauka, piga ndani akriliki nyeusi, mikono miwili (yaani tabaka mbili) myembamba, wa kwanza ukauke kabisa kabla ya wa pili. Juu yake piga mkono mmoja wa nyeupe. Nyeusi ndiyo inayozuia, nyeupe inarudisha mwanga kwenye lenzi. Ukigeuza mpangilio, nyeusi itatazamana na LED na kuumeza mwanga wote.

Rangi ya gari ya kopo la kupuliza usiiguse, wala yoyote inayochanganywa na tina. Tina inakula plastiki, na madhara yake hujitokeza upande wa nje: nyufa ndogondogo na mikunjo. Pia usipake pale bodi inapokalia chesisi na kwenye vindoano vyake. Rangi ikirundikana hapo bodi haikai sawasawa, na utakuwa umejitengenezea upenyo mpya.

reli_mita1000
Kabla ya rangi, punguza mwanga wenyewe. Reli ya DCC ya HO inabeba karibu volti 14. LED nyeupe inachukua kama 3, zinabaki 11; kwa kilo-omu 1 hiyo ni miliampia 11, nyingi mno kwa taa ndogo namna hiyo. Weka kilo-omu 4.7 (njano, zambarau, nyekundu) upate miliampia 2 na ushee. Robo wati inatosha. Uvujaji hafifu mara nyingi unaishia hapo hapo.



mwanareli_moshi
Asanteni. Foili ya jikoni kuizungushia LED je? Na ule mstari wa kibanda?

fundi_wa_njiro
Foili inaziba mwanga vizuri sana, shida inapitisha umeme. Ikigusa miguu ya LED au chesisi yenye umeme wa reli, ni shoti, na dikoda (saketi ndogo ndani ya kichwa inayopokea amri za DCC) inaweza kuungua. Tumia mpira mweusi wa kusinyaa kwa joto, wenye upana wa milimita 4 hivi; mafundi redio na simu wanao. Kwanza vika kila mguu mpira wake mwembamba isigusane. Kisha kata kipande cha milimita 10, kivike LED ukiacha ncha tu nje, ukipashe moto kabla ya kuirudisha kwenye bodi. Nyuma ziba kwa tone la rangi nyeusi.

Mstari wa kibanda: kata ukuta wa manila nyeusi utenganishe pua na kibanda, ubandike kwa gundi nyeupe ya mbao. Kama kuna kijiti cha plastiki angavu kinachopeleka mwanga kwenye lenzi, usikipake rangi. Mwanga husafiri ndani yake kwa kudunda pale plastiki inapokutana na hewa. Rangi ikiganda juu yake, mwanga unapotelea njiani. Paka mfereji kinamolala.

himo_njiapanda
Akriliki tafuta kwenye maduka ya vifaa vya shule. Arusha ni rahisi zaidi, wachoraji wa picha za watalii wanaitumia. Rangi nyeusi ya kucha inafaa kwa mgongo wa LED tu, isiguse bodi, ina viyeyusho. Na haya yote ni ya LED. Kichwa ambacho bado kina balbu ya waya usiifunike kwa mpira wala rangi: inapata moto wa kupinda plastiki.