Filamu ya kutisha iliyokukamata kweli ni ipi, na ilikukamata wapi?

Solja wa Yadi (Nakuru)

Wadau, hamjambo. Mimi ni askari wa usiku kwenye yadi ya mbao hapa Free Area. Naingia saa kumi na mbili jioni, natoka saa kumi na mbili asubuhi. Nina rungu, tochi, jiko la makaa na simu iliyopasuka kioo. Mbwa alikuwepo, lakini alihamia kwa jirani mwenye bucha.

Usiku wote huo mtu atafanya nini? Naangalia filamu, na kwa ubishi wangu naangalia za kutisha. Nyingi hazinifanyi kitu. Damu siiogopi, kabla ya kazi hii nilikata nyama miaka miwili. Hizo sura zinazorukia kioo ghafla zinanishtua, sawa, lakini hata paka akiangusha sufuria nashtuka. Dakika moja baadaye nanywa chai yangu.

Iliyonikamata ni Get Out ya Jordan Peele, ya mwaka 2017. Ilikuwa kama saa nane usiku. Huwa naweka waya wa simu sikio moja, la pili nalibakiza kwa mwajiri. Mwanzoni kuna kijana mweusi anatembea usiku kwenye mtaa wa wenye pesa, nyumba zote kimya, gari jeupe linamfuata polepole, mwishowe anakamatwa. Kisha miti inaanza kupita, na watu wanaimba kwa sauti za chini. Kwa Kiswahili!

Nilichomoa waya. Nilidhani wako nyuma ya rundo la saiprasi. Nikasimama na rungu, nikamulika kona zote, nikauliza "Nani?" kwa ile sauti nzito ambayo si yangu. Kimya. Nikarudisha waya sikioni: bado wanaimba.

Wimbo unaitwa Sikiliza Kwa Wahenga, mtunzi ni Michael Abels, na unamwonya shujaa wa filamu akimbie, ajiokoe. (Mtoto wa darasa la nne angesahihisha: wasikilize wahenga. Lakini kwangu kosa hilo ndilo lililozidisha baridi. Ni kama Kiswahili cha mtu aliyekufa zamani, ameanza kukisahau.) Sasa fikirieni. Shujaa mwenyewe, Chris, haelewi. Mmarekani aliyelipa tiketi haelewi. Mimi wa Yala, niliyekaa juu ya mbao Nakuru, nimeelewa. Mpaka mwisho nilikuwa nikimwona anachekacheka na wazazi wa mpenzi wake, na mimi najua ameshaambiwa.

Nikiwa mdogo kwa nyanya, Yala, jajuok (mchawi wa usiku) alikuwa akipita usiku akirusha mawe kwenye mabati. La kwanza, paa! Linabiringika taratibu mpaka ukingoni, linaanguka kwenye majani ya migomba. Hilo halikuwa shida. Shida ilikuwa jiwe la pili, ambalo halijarushwa bado. Tulikuwa watoto wanne kwenye mkeka mmoja, hakuna anayepumua, tunalisubiri. Kuna usiku halikuja kabisa, na huo ndio usiku nilioulowesha mkeka.

Basi swali langu ni hilo. Ni filamu gani ilikusubirisha jiwe la pili?

Nyar Dunga (Kisumu)

Pole na baridi, Solja. Mimi nauza samaki Dunga, na yangu ni ya zamani: Jaws ya Steven Spielberg, 1975. Papa (wa baharini, si wa Roma) anakula watu kwenye ufuo wa Marekani. Niliiangalia Kondele kwa shangazi nikiwa darasa la saba, sebule imejaa watoto wa ploti nzima.

Unajua kwa nini yule papa haonekani vizuri mpaka filamu iende mbali? Walitengeneza papa wa mashine, maji ya chumvi yakamharibu, kila mara amekwama. Ikabidi Spielberg aonyeshe maji tu, mapipa ya manjano yanayoelea, na ule muziki wa noti mbili. Mashine ingefanya kazi vizuri, nadhani tungemcheka.

Mtu wa ziwani hahitaji kuelezwa. Kiboko akiwa juu umeona masikio, umeona pua, unageuza mtumbwi unampisha. Mume wangu haogopi kiboko anayemwona. Anaogopa yule aliyekuwa pale sasa hivi, akazama. Hapo unahesabu. Kiboko anaweza kukaa chini dakika tano hivi, na dakika tano ndani ya mtumbwi zina urefu wake. Hilo ndilo jiwe lako la pili, liko chini ya miguu yako na lina uzito kuliko boti.

Baada ya Jaws sikuoga ziwani wiki mbili. Na papa hayupo Ziwa Victoria, najua, msinijibu.

Fundi Spika (Kakamega)

Nafunga mitambo ya sauti, zaidi makanisani na matangani. Mnaongea kuhusu kuona na kutoona, lakini Solja hakuona kitu. Alisikia.

Chukueni Psycho ya Hitchcock, 1960, ile sehemu ya bafu, mzime sauti. Kinabaki nini? Pazia, mkono, maji, na sharubati ya chokoleti inayoingia kwenye tundu la maji. Ndiyo, damu ile ni sharubati ya chokoleti, kwa sababu filamu haina rangi na hakuna atakayejua. Hitchcock mwenyewe alitaka sehemu hiyo ipite bila muziki. Bernard Herrmann akatunga wake hata hivyo, akampigia ausikie, mzee akabadili mawazo. Ni fidla na ndugu zake tu, hakuna ngoma wala tarumbeta, na zinalia kama kuku anayechinjwa kwa kisu butu.

Solja, huo waya wa sikio moja ndio uliokuponza. Ungetumia spika ya simu, wimbo ungesikika kama redio ya jirani. Sauti ikiingia sikio moja peke yake, mtu anaihisi iko upande huo wa mwili wake. Upande wako ulikuwa na mbao.

Mzee wa Chwele

Nyinyi mnatishika bure. Sisi tuliangalia kwenye kibanda cha video, shilingi kumi, mabenchi ya mbao, na juu ya filamu kuna kijana amerekodi masimulizi yake kwa Kiswahili. Maiti anatoka kaburini, jamaa anasema "huyu amesikia landilodi amesafiri." Kibanda kizima chini kwa kicheko. Sijawahi kuogopa filamu hata moja mpaka nilipoanza kuangalia nyumbani peke yangu, na hizo siku hizi siziangalii.

Solja wa Yadi

Mzee, hapo umenikumbusha. Nyanya alikuwa akisikia jiwe la kwanza tu, anaanza kumtukana jajuok kupitia kwenye dirisha, yeye na baba yake na ng'ombe aliyemwolea mama yake, mpaka sisi kwenye mkeka tunacheka. Jiwe la pili likija halina kazi tena. Usiku nilioulowesha mkeka, nyanya alikuwa matangani.

Na alimjua. Kijiji kizima kilimjua. Mchana alituuzia sukari.

Binti wa Vitambaa (Kisumu)

Huyo wa sukari amenimaliza. Ulikuwa unahesabu chenji huku unamwangalia mikono?

Yangu ni Ringu ya Hideo Nakata, Japani, 1998. Mwanamke anatoka kisimani, nywele zote usoni, anakuja, anakuja, halafu anatokea ndani ya TV mpaka sebuleni. Mmeona anavyotembea, kana kwamba viungo vimefungwa na fundi mlevi? Mwigizaji alitembea kinyumenyume, kisha picha ikageuzwa. Jicho linaona mtu anayekuja, lakini mwili wake uko safarini kuondoka. Nilijua hayo baadaye na hayakunisaidia chochote.

Kwetu TV ilifunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kazi ya mama, kinaning'inia mpaka katikati ya kioo. Filamu ilipoisha nilizima, nikashusha kitambaa kama siku zote, nikageuka kwenda kulala. Feni ikakipeperusha. Mwezi mzima TV ililala imegeuziwa ukuta, na baba alipouliza nikasema inapunguza vumbi. Alinisifu mbele ya wageni.

Solja, tafuta pia Us, ya huyo huyo Peele, 2019. Lupita Nyong'o wetu anacheza watu wawili, na yule wa pili sauti yake inatoka kama amemeza kamba. Nilianza kuiangalia nikiringa kwamba binti wa gavana yuko kwenye filamu kubwa. Alipofungua mdomo nikanyamaza.

Solja wa Yadi

Ndiyo, nilikuwa nikihesabu chenji. Haikuwahi kupungua hata senti, na hilo lilinitatiza zaidi. Mtu mpole, anakuuliza habari za shule.

Nyar Dunga (Kisumu)

Sasa tuambie ukweli. Hiyo Get Out uliimaliza usiku ule ule?

Solja wa Yadi

Hapana. Niliisimamisha pale mama wa mpenzi wa Chris anapokoroga chai na kijiko kinagonga kikombe, kwa sababu nami nilikuwa nakoroga yangu. Nikaimwaga. Sehemu iliyobaki niliimalizia asubuhi ndani ya matatu, katikati ya mama mwenye kuku wawili na watu wanaogombana na kondakta kuhusu shilingi ishirini.

Hii ya Japani nishaipata. Nitaiangalia kesho saa nane mchana, mke wangu akikaanga vitunguu. Usiku huu ni muziki wa benga tu, masikio yote mawili, mwajiri anisamehe.