Dodoma: predi zinagawiwa kama karanga, inhela ya kuzuia pumu "haipo, njoo wiki ijayo". Mnatumaliza!

Wakuu salaam. Uzi wa hasira huu, asiyependa makelele apite kushoto.

Ingia duka la dawa huku mitaani, kohoa mara mbili, sema pumu imebana. Cheti cha daktari huulizwi. Unakabidhiwa kibahasha kimeandikwa kwa kalamu "2x3" na unaambiwa mbili mara tatu, basi. Miligramu hazikuandikwa, siku hazikuandikwa. Ndani ni prednisoloni (ndiyo predi, steroidi ya kushusha uvimbe) za miligramu 5. Haya, tupige hesabu: vidonge 6 kwa siku ni miligramu 30, na viwili vya mwisho unavimeza saa mbili usiku. Halafu mnashangaa mgonjwa anakesha anahesabu mabati! Mwili wenyewe hutoa kotisoli yake, homoni ambayo predi inaiga, kwa wingi alfajiri, ndiyo maana dozi ya siku nzima humezwa kwa mkupuo mmoja asubuhi baada ya kula. Hata uji wa uwele unatosha.

Kwa shambulio, dozi ya mtu mzima ni miligramu 40 hadi 50 kwa siku, yaani vidonge 8 hadi 10 asubuhi, siku 5 mpaka 7. Kozi fupi hivyo unaikata siku ya mwisho bila kushusha. Sina ugomvi nayo, inaokoa maisha.

Ugomvi wangu ni hawa wanaomezeshwa predi mwezi baada ya mwezi, halafu anatokea mjuaji dirishani: "Acha hizo, zinakuvimbisha uso." Acha vipi? Ukizimeza mfululizo zaidi ya wiki tatu hivi, tezi za juu ya figo zinalala, maana kazi yao inafanywa na kidonge. Ukikata ghafla hazishtuki siku hiyo hiyo. Mtu analegea, anatapika, tumbo linauma, presha inashuka, sukari inashuka. Akifika zahanati anapimwa nini? Malaria na UTI, kama kawaida yetu. Anachohitaji ni sindano ya haidrokotisoni (nayo ni steroidi) miligramu 100 na dripu, haraka, na hakuna atakayewaza hivyo kama hajui mgonjwa alikuwa kwenye steroidi.

Kushusha kuna mpango, na mpango ni wa daktari anayekufuatilia. Kwa mfano: miligramu 20 kwa siku, kisha 15, kisha 10, kila hatua wiki moja au mbili. Kuanzia 10 kwenda chini ndiyo pagumu, hapo unapunguza nusu kidonge, na hatua moja inaweza kuchukua mwezi. Kile chenye alama ya kukatia katikati kinakatika vizuri kwa wembe. Kilichopakwa ganda la kulinda tumbo usikikate. Na ukipata homa kali au unapelekwa kufanyiwa upasuaji, usishushe hata kidogo. Mara nyingi dozi hupandishwa. Ukitapika kidonge na hakikai tumboni, ni hospitali, siyo kusubiri kesho.

Kadi ya steroidi ni kipande cha karatasi tu, na bado hatupewi. Jiandikieni wenyewe, mkibandike nyuma ya kitambulisho cha NIDA: "Natumia prednisoloni mg… kwa siku tangu… Isikatwe ghafla. Nikitapika au nikizimia, haidrokotisoni mg 100."

Na nani anapima sukari na presha za hawa watu? Macho je, mtoto wa jicho na presha ya jicho? Mifupa? Kikohozi cha wiki mbili kwa mtu wa predi kinatakiwa kipimwe TB, siyo kuongezewa antibayotiki. Badala yake anaandikiwa na diklofenaki, dawa ya maumivu, ya mgongo juu yake, vidonda vya tumbo hivyo vinakuja na risiti.

Sasa kiini cha hasira yangu. Wengi wasingefika kwenye predi za kila siku kama wangepata inhela ya kuzuia, yenye steroidi ya kuvuta, ya beklometasoni au ya budesonidi na fomoteroli. Budesonidi na fomoteroli ipo hata kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO, siyo anasa. Ile ya bluu, salbutamoli, inafungua njia tu, uvimbe wa ndani inauacha ulivyo. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, hautaki mtu mzima atibiwe kwa salbutamoli peke yake. Makopo matatu kwa mwaka tayari ni dalili ya hatari, kopo kila mwezi ni hatari ya kifo. Huku kwetu mwenye kopo kila mwezi anaitwa mteja mzuri.

Na Dodoma haikuhurumii. Juni mpaka Oktoba ni upepo na vumbi, asubuhi baridi, malori ya kokoto yanakata mitaa, mashamba ya zabibu yanapigwa salfa, jioni majiko ya mkaa. Jiji tangu 2018, vumbi ni lile lile la enzi za mji.

Halafu hata hiyo inhela ukipata hufundishwi, dawa nyingi inaishia kooni. Spesa, ile chupa ya kuunganisha inhela na mdomo, hamna? Chukua chupa ya maji ya nusu lita. Ioshe kwa maji ya sabuni, iache ikauke yenyewe bila kuifuta, maana ukiisugua plastiki inavuta dawa ukutani. Chora mdomo wa inhela kwenye kitako cha chupa, kunja waya kwa umbo hilo, upashe moto, toboa. Inhela iingie kwa kubana, ziba pembeni kwa gundi ngumu isivuje, acha gundi ikauke kabisa. Tikisa kopo, toa pumzi, weka mdomo kwenye mdomo wa chupa, bonyeza MARA MOJA, vuta pumzi taratibu mara 4 hadi 6. Subiri nusu dakika, tikisa tena, rudia. Wanaobonyeza mipulizo mitano kwa pamoja wanapaka rangi chupa. Ukimaliza ile ya steroidi, sukutua na uteme, vinginevyo utaota utando mweupe mdomoni.

Ukibanwa vibaya: bluu mipulizo 4 hadi 10 kwa chupa hiyo, kila dakika 20 kwa saa ya kwanza, huku bajaji imeshaitwa.

NYONGEZA 1: Dada zetu wa "dexa za kunenepa", hiyo dexa ni deksametasoni, nayo ni steroidi, na miligramu 0.75 ni sawa na predi ya 5. Vidonge vitatu vya 0.5 ni predi miligramu 10. Mtego ni ule ule, msikate ghafla, nendeni kwa daktari mseme ukweli.

NYONGEZA 2: Mkuu aliyeuliza kama kopo likielea kwenye maji limeisha: hapana, kipimo hicho kinadanganya, gesi hubaki dawa ikiwa imeisha. Kopo la beklometasoni kwa kawaida lina mipulizo 200. Miwili asubuhi na miwili jioni ni siku 50. Andika tarehe ya kuanza kwa maka peni kwenye kopo lenyewe, siyo kwenye boksi, boksi hutupwa.