Makaroni yanagandana kama tofali

Mwakeye wana Kigoma! Mdogo wenu nabeba boksi usiku huku Birmingham, narudi saa 12 asubuhi. Kusonga ugali saa hiyo siwezi. Nachemsha makaroni ya wiki Jumapili, ikifika Jumanne ni tofali. Mnafanyaje?

---

Pole na boksi, mdogo wangu. Mimi nimesharudi Ujiji, ila sufuria za huko nazikumbuka.

Unaivisha mno. Makaroni ya akiba, paketi ikisema dakika 10, epua ya 8. Ukiling'ata moja, katikati uone kidoti cheupe. Litamalizikia kwenye mchuzi. Maji usiyabanie, lita moja kwa gramu 100. Ukichuja, kinga kikombe kimoja cha yale maji mazito, uweke friji. Makaroni yapake mafuta kidogo, yatandaze kwenye sinia yapoe, yaingie friji kabla ya masaa mawili. Usiyaache jikoni usiku kucha ukasema ni kiporo, tumbo litakusimulia.

Asubuhi sasa: mawese kijiko kimoja na nusu (huko yanaganda, chovya chupa kwenye maji ya moto), kitunguu, kisha dagaa uliowatoa vichwa. Wakianza kulia kwenye mafuta, tia nyanya. Zikilainika, mimina kile kikombe. Yale maji yana wanga, ndiyo yanayoufanya mchuzi ushike mpaka ndani ya tundu badala ya kutuama chini ya sahani. Makaroni mwisho, dakika 2 tu, ndimu na pilipili. Dagaa ukiwakosa, samaki wa kopo, lakini usiseme mtu wa Ujiji kakuruhusu.

Mawese yasifike kutoa moshi. Mimi king'ora kiliwahi kulitoa jengo zima nje, Januari, nimejifunga kanga juu ya koti, majirani wananikodolea macho. Siku hizo nilikuwa sijajua kufungua dirisha kwanza.

---

Shikamoo dada. Mbona mimi nasuuza na maji baridi na hayagandani?

---

Marahaba. Hayagandani kwa sababu wanga wa juu umeupeleka kwenye sinki, na mchuzi nao unateleza. Suuza ya kachumbari tu, yale ya kula baridi na nyanya na kitunguu. Ya mchuzi, hapana.

---

Dada, nimejaribu leo. Dirisha wazi, nyuzi joto 3, nimekula na koti. Mawese yananukia mpaka ngazini, na jirani kagonga mlango. Nilidhani kaja kulalamika, kumbe anauliza ninapika nini.