Miaka 46, kilo 94: mbio, vyuma au kupunguza kula? Tulinganishe

Mkaazi_Tabata
Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 46, urefu sentimita 172, kilo 94. Kazi yangu ni ya mezani, kisha foleni ya barabara ya Mandela hadi saa mbili usiku. Kitambi nimekizoea. Kinachonitisha ni mapaja na mikono kusinyaa; nikipandisha ndoo ya maji ghorofa ya tatu nafika nahema kama nimekimbizwa. Sina haraka, hata mwaka mzima sawa. Njia ninazozipima:

Mbio za alfajiri. Hazina ada, ila goti la kulia hulalamika.
Jimu ya mtaani. Ipo karibu na nyumbani, lakini imejaa vijana na muziki wa kupasua masikio.
Kupunguza kula, yaani kukaa bila kitu hadi saa nane mchana. Kuna jamaa ofisini ananisukumia na chai ya kukata tumbo.

Ipi ianze?

Alfajiri_Njema
Mbio, mkuu, usizunguke. Nenda daraja la Tanzanite Jumamosi kabla jua halijachomoza uone wazee wanavyokatiza pale. Moyo unaimarika, presha inatulia, usingizi unakuja wenyewe. Gharama ni raba tu.

Mnyoosha_Viungo
Kazi yangu ni kuwanyoosha watu wenye magoti kama hilo lako, kwa hiyo nampinga Alfajiri kidogo. Kwa kilo 94 na goti linalolalamika, anza na kutembea haraka, mwendo ambao unaweza kuongea lakini kuimba huwezi. Mbio zitakuja baadaye.

Ila soma tena ulichoandika mwenyewe: mapaja yamesinyaa. Misuli huanza kupungua taratibu baada ya miaka 30 ivi, na ukibana chakula bila kazi ya nguvu, sehemu ya kilo zinazoondoka ni misuli hiyohiyo. Mizani inakupongeza, ndoo ya maji inazidi kuwa nzito. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na juu yake mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Hiyo sehemu ya pili ndiyo watu wa umri wetu huiruka.

Kwa hiyo kama ni lazima nichague moja ya kuanza, ni vyuma. Mara mbili kwa wiki inatosha.

Bi_Mvita
Hiyo chai muulize jamaa wako imetiwa nini. Nyingi ya hizo ni sanamaki, na sisi Mombasa tulinyweshwa sanamaki utotoni kusafisha tumbo. Utakwenda chooni, utatoka mwepesi, ukinywa maji uzito umerudi. Mafuta hayajaguswa.

Mie nina miaka 52. Daktari aliniambia hedhi ikishakoma mifupa ya mwanamke hupungua nguvu upesi, na kuinua vitu vizito husaidia kuishikilia. Jimu siendi, naona haya. Nina dumu la lita 10 nalijaza maji, nalikumbatia kifuani, nakaa kwenye kiti na kuinuka, nakaa na kuinuka. Nilianza na dumu nusu. Na mahamri sijaacha, nimeacha kula manne.

Zege_la_Kopo
Bi Mvita umenifurahisha. Mkaazi, kama tatizo ni muziki na vijana, tengeneza vyuma vyako. Bomba la chuma la inchi moja, makopo mawili ya rangi ya lita 4. Toboa bomba karibu na ncha, pitisha misumari mirefu kwenye matundu ili zege ling'ang'anie, la sivyo kopo litazunguka au kuchomoka siku umelinyanyua. Simamisha bomba katikati ya kopo la kwanza, mimina zege, liache likomae siku kadhaa ukiwa unalimwagia maji, kisha geuza ufanye upande wa pili. Kila kopo litakuja karibu kilo 9 na nusu.

Ubaya wake nausema wazi: zege haliongezeki. Jimu unaongeza sahani ya chuma ya kilo 2.5 pale mwili unapozoea, na huko kuongeza ndiko kunakojenga misuli. Ukiwa na kopo utaongeza marudio, au ushushe polepole, mpaka siku utakapomimina makubwa zaidi.

Alfajiri_Njema
Nakubali kuhusu goti. Lakini msimfanye aache mazoezi ya pumzi kabisa, ghorofa ya tatu inataka mapafu pia.

Shemeji_wa_Jikoni
Mnabishana kuhusu mazoezi wakati sahani haijaguswa. Nusu saa ya kutembea kwa mtu wa kilo 94 ni kama kalori 160. Soda moja ya mililita 350 inakaribia zote. Anzia hapo.

Halafu protini. Kwa anayejenga misuli umri huu, gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito unaoulenga. Ukilenga kilo 80, ni gramu 96 kwenda juu. Mayai matatu yana kama 18, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15, kipande kizuri cha samaki 30 na zaidi, glasi ya maziwa 8. Dagaa wakavu ndio mkombozi wa mwisho wa mwezi. Wengi wetu tunakula mlima wa ugali na vijidagaa vitano vya kupambia; geuza uwiano huo. Kufunga hadi saa nane si dhambi, shida ni kuingiza protini yote hiyo kwa milo miwili.

Mkaazi_Tabata
Nimewaelewa. Basi vyuma Jumanne na Ijumaa, kutembea siku nyingine, soda ndiyo imekufa. Sikusema mwanzoni: natumia dawa ya presha. Kuna tatizo?

Mnyoosha_Viungo
Hilo ulitakiwa uanze nalo, ndugu. Mwone daktari wako kwanza, mwambie unataka kunyanyua. Akikuruhusu, usibane pumzi: toa pumzi unapoinua, vuta unaposhusha. Ukibana, presha hupaa ghafla. Na anayetumia dawa za sukari asifunge kula bila kumuuliza daktari, sukari inaweza kushuka hadi azimie.

Kilo nusu kwa wiki inatosha, na kuna wiki mizani haitasogea. Pima kiuno kwa futi ya fundi cherehani, usawa wa kitovu, usiamini namba ya suruali. Kwa mwanamume, kuvuka sentimita 102 ndiyo hatari kubwa.

Mkaazi_Tabata
109. Zege, misumari inchi ngapi?

Zege_la_Kopo
Nne. Na makopo yaoshe kwanza, rangi ikibaki zege halishiki.